Haifungi Mpaka Uelewe

Mama Anatolia, fundi cherehani wa Hamugembe, alielewa akiwa bado na pini mdomoni.

Kemilembe, mtu wa kampuni ya mtandao, aliiona taa kabla mwenye kichwa hajajua lolote. Mbung'o aliyebandikwa kwenye panja la yule mama aliwaka kijani, akalia mlio mdogo, basi, kazi ikawa imekwisha. Watu wa Bukoba ndio waliokipa kifaa kile jina hilo. Kilikuwa kidogo, rangi ya udongo, kinatua kichwani na kung'ang'ania, na kikiondoka kimeshachukua kilichokileta. Jina lake la kiofisi, kipima-uelewa, lilibaki kwa mawakili.

"Yaani tumepatana bei ya gauni," Mama Anatolia alisema polepole, "halafu gauni likiwa nusu, na mimi siwezi tena kwenda kwa fundi mwingine, unaniambia uzi umepanda."

Kemilembe akamwambia ndivyo hasa, Mama. Akamchomoa mbung'o, akampangusa kwa kitambaa, akamrudisha kwenye kikebe chake. Mama Anatolia alitema pini kiganjani, akauliza kama anaweza kukataa. Kwa ile sauti yake laini aliyoitumia kila siku, Kemilembe akamweleza kwamba kukubali na kukataa havimo. Sheria inataka aelewe, naye ameshaelewa, kwa hiyo bei mpya ya mtandao wa nyumbani kwake inaanza sasa hivi. Yule mama akampandisha na kumshusha kwa macho. Kisha akamsogezea kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna aliyokuwa amemkaribishia, akamwambia achukue na iliyobaki, akatafunie njiani, maana humo ndani hatakaribishwa tena.

Sasa msikilizaji ambaye hakuishi enzi hizo atauliza, ni wendawazimu gani huu? Ngoja nikueleze, ingawa kueleza kwenyewe kunanitia kichefuchefu.

Kampuni za mtandao zilikuwa zikikufunga kwa mkataba wa miaka mitano. Bei iko pale, umeisoma, umeweka kidole. Halafu katikati ya mkataba, kila Aprili, bei inapanda. Ukiuliza unaonyeshwa kipengele kilichoandikwa kwa herufi za ukubwa wa mayai ya chawa: bei itaongezeka kwa kiwango cha mfumuko wa bei wa mwaka uliopita, na juu yake asilimia nne. Ukitaka kutoka, unalipa faini ya kuvunja mkataba. Wewe umefungwa miguu na mikono, mwenzako yuko huru kama kuku wa kienyeji. Watu walilalamika miaka na miaka, wakasema hatukuelewa, hatukuelewa, mpaka Bunge likachoka na kelele na kupitisha Sheria ya Uelewa. Bei mpya haimfungi mteja mpaka aelewe kwa nini imepanda, na kuelewa huko kupimwe kwa chombo, wala si kwa maneno ya mdomo.

Watu walishangilia. Kuna waliochinja mbuzi. Walidhani kampuni zitaona haya, ziache mchezo huo. Haya ya wapi? Njia Nne, ambayo ndiyo kampuni pekee iliyokuwa imefikisha waya kwenye vilima vya Bukoba, haikupunguza hata senti. Ilifungua idara mpya, ikaajiri waelezaji, ikawapa viatu vizuri na mwavuli, ikawatuma majumbani.

Na mwelezaji aliyewashinda wote alikuwa Kemilembe. Siri yake ilikuwa adabu. Kwa Wahaya mgeni haanzi shughuli kabla hajaletewa kahawa, na ukishaipokea na kuitafuna, mwenyeji amejifunga kukusikiliza mpaka umalize. Wenzake walikuwa na haraka, waliikataa kahawa wakaanza kuhubiri mfumuko wa bei mlangoni, wakarudi mikono mitupu. Kemilembe aliipokea kwa mikono miwili. Aliuliza habari za watoto, akamwacha mwenyeji azungumzie kazi yake, na ndani ya kazi hiyo hiyo akaokota mfano wa kumwelezea. Waliomfukuza kwa ufagio wamebaki na bei yao ya zamani hadi leo. Waliomkaribisha vizuri ndio walioumwa. Alilijua hilo fika, na siku hizi kila akitoka kwenye nyumba ya mtu alijikuta ananawa mikono hadi kwenye viwiko.

*

Ofisini alimkuta Kaijage, mkuu wao wa kanda, anakula maandazi na kucheka peke yake. Alikuwa akisikiliza rekodi ya mwelezaji akiwa nyumbani kwa mteja. Akamwashiria Kemilembe akae, akairudisha nyuma ili naye asikie.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, imenyooka, kila neno limekaa mahali pake, akimwuliza mwelezaji fulani swali lile lile kwa mara nyingine. Mwelezaji alijibu kwa kubabaika. Kisha yule mzee akasema kwa unyonge kwamba samahani, mwanangu, bado sijaelewa. Kaijage akapiga meza kwa kicheko, makombo yakamruka kwenye shati.

Kemilembe aliitambua sauti hiyo tangu neno la kwanza. Ilikuwa ya Mwalimu Kokuteta wa Kashai, aliyemfundisha hesabu shule ya msingi, mwanamke ambaye hakuwahi kufuta ubao kabla mtoto wa dawati la mwisho hajaelewa. Kila ujanja wa kueleza aliokuwa nao Kemilembe, kutafuta mfano kwenye kitu anachokishika mtu kila siku, aliupata kwake.

Kaijage alimweleza kwamba waelezaji watatu wamekwisha kwenda kwa huyo bibi na wote wamechemsha. Hajifanyi. Mbung'o hadanganyiki, angekuwa anaigiza, taa ingewaka hata kama mdomo unakana. Haelewi kweli, na ni mwalimu wa hesabu, dada Kemi, wa hesabu! Rekodi zake zinasikilizwa wakati wa chai hadi makao makuu. Shida ni kwamba Kashai nzima imepata kiburi. Kila mwelezaji akifika anaambiwa kama Mwalimu hajaelewa, mimi ni nani nielewe. Kwa hiyo aende leo, ammalize.

Kemilembe alitaka kumwuliza kama naye hana mama. Badala yake alitazama lile andazi linavyosagwa mdomoni mwa mtu anayecheka, akachukua kikebe chake akatoka.

*

Mvua ya Aprili ilikuwa imeanza alipofika Kashai. Watoto waliokuwa wamejikinga chini ya bati la duka walimwonyesha nyumba kabla hajauliza. "Kwa Mwalimu Haelewi, ni pale," mmoja alisema, wenzake wakaangua kicheko. Ndivyo walivyomwita sasa. Baba zao na mama zao walifundishwa kujumlisha na mwanamke huyo.

Mwalimu Kokuteta alimpokea kwa furaha ya kweli, akamshika mabega, akasema Kemi amenenepa na amependeza. Kemilembe akapiga magoti kumwamkia. Akamwamkia pia mumewe, Ta Mutalemwa, aliyekuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi mapajani. Ta ndivyo wanavyowaita huko wanaume wa kuheshimiwa, na huyu aliheshimika kwa jambo moja: kusema. Hakuna posa iliyopokelewa Kashai bila yeye kuwa msemaji wa upande wa binti. Aliwahi kuwafanya wakwe watarajiwa wacheke, wakasirike, walie na kuongeza ng'ombe katika kikao kimoja.

Kisha kiharusi kikambeba upande mzima na ulimi wake. Hapo ndipo mtandao ulipoingia nyumbani mle. Shingoni Ta alivaa mkanda mwembamba uliosoma kila koo lilipojaribu kutamka. Ulichosoma kilipandishwa juu kwa waya wa Njia Nne hadi kwenye mitambo mikubwa, huko kikageuzwa kuwa maneno, na maneno yakarudi kupitia kispika kidogo kifuani mwake, kwa sauti yake mwenyewe iliyochukuliwa kwenye kanda za harusi za zamani. Yote hayo yalitokea kabla hujapepesa jicho. Waya ukiwa mpana, ungedhani mzee hajawahi kuugua. Waya ukipunguzwa, maneno yanakwama njiani.

Na ulikuwa umeshapunguzwa. Mwalimu alilipa kwa pensheni, na pensheni haikui. Kabla ya Sheria ya Uelewa bei ilipandishwa mara mbili katikati ya mkataba, na kwa kuwa alilipa kile kile alichokuwa nacho, kampuni ikamshusha kifurushi mara mbili. Mara ya kwanza Ta alipoteza kuimba. Mara ya pili alipoteza kicheko. Kilikuwa kinafika wakati wenzake wameshanyamaza, mpaka mwenyewe akaona aibu akaacha kucheka. Maneno yalibaki mazima. Kifurushi kilichofuata chini, Kemilembe alikijua. Alishakaa kwenye nyumba ya mgonjwa mwenye kifurushi hicho, akasikia neno moja likitoka vipande vipande, kipande na kipande, kama mtu anayekohoa mifupa ya samaki.

"Umekuja wakati mzuri," Ta Mutalemwa alimwambia. Akamsimulia kwamba Jumamosi wanakuja watu wa Muleba kumposa mjukuu wake, Asimwe, na yeye ndiye atakayesema. Ameshajifunza jinsi ya kumwanza baba wa kijana, bahili mashuhuri, mtu anayesifiwa kwa kuzima taa wakati wa kusali ili asitumie umeme mbele ya Mungu. Asimwe mwenyewe alikuwa amesema wazi: kama babu hasemi, hataki posa, hataki harusi. Mwalimu akamkemea mumewe kwa kumtukana mtu ambaye hajafika. Lakini macho yake yalikuwa yanacheka.

Kikapu cha kahawa kikaletwa. Kemilembe alikipokea kwa mikono miwili kama kawaida yake, akatafuna, na kwa mara ya kwanza akatamani angekuwa ameikataa.

*

Mwalimu alijibandika mbung'o mwenyewe. Alikwisha kuzoea. Akakaa wima, mikono mapajani, kama mwanafunzi.

Kemilembe alianza na mfano wa gauni. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, maana kahawa ilikuwa imeshatafunwa, kisha akauliza kama uzi wa waya huu umeongezwa urefu. Haukuongezwa. Upana je? Hapana. Basi gauni halikuongezwa kitambaa. Taa ilibaki imezima.

Akajaribu mfumuko wa bei. Mwalimu akatikisa kichwa taratibu. Mfumuko anaujua, ameufundisha. Sukari imepanda, mafuta yamepanda, sawa. Kwa hiyo kile kiwango cha kwanza tukiweke pembeni, tuseme amekipokea. Zile asilimia nne za juu yake ndizo zinazomsumbua. Zinatoka wapi? Zinalipia nini ambacho mfumuko haujalipia?

Kemilembe akasema uwekezaji. Mwalimu akauliza uwekezaji gani, uko wapi, na kama upo kwa nini haukuwekwa kwenye bei siku ya kupatana, maana siku hiyo kampuni ilijua inataka kuwekeza. Kemilembe akajaribu gharama za uendeshaji. Akajaribu ubora wa huduma. Kila alichokitoa mfukoni Mwalimu alikigeuza, akakitazama chini, akamrudishia kwa upole. Hakuwa akibishana. Alitaka kuelewa kwa moyo wote, na hilo ndilo lililokuwa baya.

Hapo Kemilembe akaona kitu ambacho wenzake watatu hawakukiona. Mwalimu alikuwa hashiki kwa sababu maelezo aliyokuwa akipewa hayakuwa na cha kushika. Kichwa kilichozoea hesabu kilikuwa kinatafuta jibu lililosimama, na majibu ya Njia Nne yote yalikuwa hewa. Mama Anatolia na wengine walielewa mfano wa gauni, wakatosheka. Huyu hatosheki na mfano. Ukimpa ukweli, taa itawaka hapo hapo. Na ukweli wenyewe ulikuwa mfupi mno, sentensi moja tu ingetosha.

Alifungua mdomo. Ta Mutalemwa akamkatiza, akamwomba mkewe akaangalie ndizi jikoni, ananusa zinaungua. Mwalimu akainuka na mbung'o wake kichwani, akaenda.

Mzee alimtazama Kemilembe kwa lile jicho lake moja lililokuwa bado na nguvu.

"Wewe mtoto umeshajua la kumwambia. Nimekuona. Usimwambie."

Alisema haraka, kispika amekibana kwa kidevu ili sauti isifike jikoni. Alijua tangu alipokuja mwelezaji wa kwanza kwa nini bei imepanda, angeweza kumweleza mkewe akiwa amelala. Lakini mkataba umeandikwa jina la Kokuteta, na akielewa Kokuteta, bei inafunga, kifurushi kinashuka, na Jumamosi atawakabili watu wa Muleba kama mtoto anayejifunza silabi. Basi akanyamaza. Jumamosi ipite tu. Baada ya hapo wamfanye watakavyo.

Kemilembe aliitikia kwa kichwa. Alijiambia kwamba kwa mara ya kwanza katika kazi hii chafu atatoka kwenye nyumba bila kuchukua kitu, na wazo hilo lilimpa nafuu kidogo. Angekuwa mwelezaji wa nne kuchemsha. Kaijage acheke.

*

Mwalimu alirudi, akasema ndizi hazikuwa zimeungua. Hakukaa wima tena. Alianza kupangusa meza kwa kiganja, ingawa meza ilikuwa safi.

Alisema kuna jambo anataka kumwuliza Kemi kama mwanawe, siyo kama mtu wa kampuni. Mwanzoni hakujali kutoelewa. Alijua ndiko kunakomlinda mumewe, na akaona ni bahati. Lakini kila mwelezaji alipoondoka alibaki na swali. Usiku anajipima kwa jedwali la kumi na saba, na wiki iliyopita alikosea. Alisahau jina la mtoto wa jirani. Mwanawe aliyeko Mwanza amesikia zile rekodi, sijui zimemfikiaje, na amesema baada ya posa atakuja kumchukua akapimwe kichwa, na nyumba waifunge, baba aende kwenye kituo cha wagonjwa. Watoto wa mtaani wana jina wanalomwita. Anajifanya halisikii.

"Sikukuacha nyuma hata siku moja, Kemi. Hata somo moja. Kwa hiyo niambie kweli. Kuna sababu ambayo watu wengine wote wanaiona, na mimi kichwa changu ndicho kimekufa?"

Mvua ilipiga bati. Kemilembe alimtazama, kisha akamtazama mzee dirishani. Akimwambia huyu ukweli, yule ananyamazishwa. Akimficha, huyu anakwenda kaburini akijiona punguani, na nyumba inafungwa juu yake, na wote wanaomcheka wanabaki kuwa wamesema kweli. Hakukuwa na njia ya tatu. Njia Nne ilikuwa imezifunga zote. Alijaribu kupima kipi ni kizito, akashindwa, na kwa kuwa alishamwitikia mzee, akafanya alichozoea kufanya. Akaweka ile sauti yake laini.

Akamwambia kwamba, kwa kweli, Mwalimu, jambo lenyewe ni gumu kidogo. Ni la kitaalamu. Watu wengi wa umri wake linawapa shida, asijisikie vibaya. Sababu ipo.

Wakati maneno yanamtoka aliyasikia, na alijichukia. Aliuchukia ule utamu wa sauti, akajiona kama mtu anayempapasa mgonjwa kichwani huku mkono wa pili uko mfukoni mwake. Mwalimu hakulia. Aliitikia tu, ndiyo, ndiyo, kama mtu aliyeletewa msiba alioutegemea, na akaendelea kupangusa ile meza safi, duara na duara, na mabega yakamshuka.

Ta Mutalemwa aliyaona mabega hayo.

"Kokuteta," akasema. "Acha meza. Nitazame."

Mkewe akageuka.

"Kichwa chako kizima. Hesabu hiyo haina jibu kwa sababu hawakupiga hesabu yoyote. Wamepandisha kwa sababu tumefungwa na hatuwezi kutoka. Wanajua koo langu liko kwenye waya wao. Wanajua utalipa, au utaniacha nikatike, na vyote kwao ni sawa. Hizo asilimia nne hazilipii kitu. Ni bei ya sisi kushindwa kuondoka. Hakuna sababu nyingine, wala haijawahi kuwepo."

Kemilembe aliruka. Sheria inakataza kumgusa mbung'o katikati ya maelezo, lakini hakuwaza sheria. Alinyoosha mkono kumng'oa kwenye panja la Mwalimu kabla maneno hayajatua. Mwalimu akamdaka kifundo cha mkono. Alikuwa na nguvu ambazo Kemilembe hakuzitegemea.

"Mwache," alisema bila kumtazama. "Nataka awake."

Mzee aliendelea, na sauti yake ilikuwa ile ya vikaoni, nzito, isiyo na haraka. Alisema yeye alijua tangu mwaka jana. Aliona anavyodharauliwa, alisikia watoto wanavyomwita, akanyamaza kwa sababu alipenda kusema kuliko alivyopenda mkewe awe na amani. Ametafuna heshima ya mkewe siku zote hizi ili apate sauti ya kutongozea ng'ombe wa Muleba. Anaona kinyaa. Asimwe atakasirika, lakini Asimwe ana mdomo wake mwenyewe. Na kama haya ndiyo maneno yake mazima ya mwisho, basi afadhali yameishia kwa mkewe, mwenye haki nayo.

Mlio mdogo ukasikika. Mwalimu hakuweza kuliona panja lake mwenyewe. Aliukaza mkono wa Kemilembe.

"Amewaka?"

Kemilembe alilitazama panja lile. Mwanga wa kijani ulikuwa umeenea kwenye nywele nyeupe za yule mama, hadi juu ya sikio.

"Kemi, nakuuliza. Amewaka?"

"Amewaka, Mwalimu."

Mwalimu Kokuteta akacheka. Alicheka kama msichana, akapiga makofi, akasema si nilisema, si nilisema hesabu ile haikai, nimeitafuta mwaka mzima kumbe haipo. Alisema mwanawe wa Mwanza abaki huko huko na hospitali yake. Simu ya Kemilembe ilitetemeka mfukoni. Hakuhitaji kuitoa, ilikuwa pongezi kutoka makao makuu, na ilimaanisha kwamba mitambo imeshapokea ile taa na kufanya iliyopangiwa kufanya. Mitambo haikawii. Haina hata ustaarabu wa kungoja mgeni aondoke.

Mwalimu alikwenda kupiga magoti mbele ya kiti cha mumewe, uso unang'aa machozi na furaha, akamshika magoti kwa mikono miwili.

"Umeona, baba? Sikuwa mjinga. Umeona?"

Koo la mzee lilitikisika chini ya mkanda. Kispika kilikaa kimya. Kikakaa kimya zaidi. Kisha kikatoa kitu kama mkwaruzo.

"Ni..."

Walingoja. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mfereji wa nje. Koo likatikisika tena, na tena, jicho la mzee likiwa limemkazia mkewe.

"...li..."

Tabasamu la Mwalimu lilianza kutetemeka pembeni, lakini hakuliachia. Alisogea karibu, akainamisha kichwa kuelekea kile kispika, kama alivyokuwa akiinama kwenye dawati la mwisho.

"Endelea, baba," alisema. "Tunakusikiliza."